Peluzi ya Symphorien

Symphorien alikuwa karani katika ofisi ya mizigo mjini Élisabethville, mtu wa Kasai, mwenye miwani ambayo hakuna daktari aliyemwandikia na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alikaa na mkewe Ngalula katika mtaa wa Waafrika ulioitwa Kenya, na kwa miaka hiyo ya ukoloni alikuwa na hamu moja tu duniani: kupata kadi. Kadi hiyo ilimtangaza Mkongo kuwa ameendelea kiasi cha kuhesabiwa karibu sawa na Mzungu. Neno "karibu" lilibeba mzigo mzito pale, lakini Symphorien hakulitazama sana. Kabla mtu hajapewa, kamisheni ya wakaguzi ilimfuata nyumbani kutazama anavyolala, anavyokula, choo chake kikoje, na kama mkewe anatumia uma kweli au anazitoa kabatini wageni wakipiga hodi.

Uma alikuwa nazo. Kitanda cha chuma alikuwa nacho, na picha ya mfalme ilining'inia ukutani mahali ambapo hata mgeni mwenye haraka angeiona. Kilichopungua hakukijua mpaka mchana mmoja bwana mkubwa wa ofisi, akiwa ameshakunywa bia yake ya chakula, aliwaambia makarani kwamba ustaarabu wa mtu hautafutwi sebuleni. Unaonekana mbele ya nyumba. Mwenye nyasi zilizokatwa vizuri amestaarabika, mwenye vumbi bado. Huenda alikuwa anatania. Lakini Symphorien hakuwa na desturi ya kutaniwa na Wazungu; lolote walilosema alilichukua kama lilivyo akaenda nalo nyumbani.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na matuta ya Ngalula: lengalenga, nyanya, bamia kidogo. Mvua zilipoanza, Symphorien aliyang'oa yote. Ngalula alimuuliza kwa Kiluba watakula nini. Yeye akajibu kwa Kifaransa, lugha aliyoitumia nyumbani kila alipojua kwamba amekosea, kuwa mtu haishi kwa mboga tu.

Mbegu ya nyasi aliipata kwa Kasonde, rafiki yake, Mbemba kwa kabila, aliyetunza bustani ya daktari mmoja upande wa Wazungu. Kasonde alimletea magunia ya vikonyo alivyopunguza kando ya njia, akamfundisha kulima ardhi, kutoa mawe, kuvunja vichuguu vya mchwa, kusawazisha kwa ubao na kupanda kwa mistari. Wazungu waliiita pelouse. Watu wa Kenya wakasema peluzi, na kwa kuwa hakuna aliyejua peluzi inaliwaje, wakajijibia wenyewe. Mutale wa ng'ambo ya barabara alivumilia mwezi mzima, kisha akaja kuuliza kwa heshima zote.

"Monsieur Symphorien, ngombe yako iko anafika siku gani? Bibi yangu iko anauliza juu ya maziwa."

Symphorien alimweleza kwamba hakuna ng'ombe. Nyasi zile ni za kutazamwa. Mutale alitikisa kichwa polepole, akaenda kumwambia mkewe kwamba ng'ombe yupo, ila jirani hataki kuuza maziwa.

Nyasi zilishika. Kufikia Pasaka lupango lote, yaani uwanja wa mbele, lilikuwa kijani, na kila Jumapili baada ya misa Symphorien alipiga magoti juu ya gazeti kuukuu, tai shingoni, akizikata kwa mkasi wa kushonea aliouazima kwa fundi. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga, hata yeye mwenyewe alipita pembeni, ubavu ukisugua ukuta. Wageni waliongozwa mmoja mmoja kwenye ukingo kama wanavuka mto. Baadhi waliona taabu, wakaacha kuja.

Kisha mvua zilikatika, baridi ya Juni ikaingia, na vumbi jekundu likaanza kutua juu ya kila kitu. Peluzi ikageuka njano. Symphorien akawa anakwenda bombani alfajiri, kupanga mstari na wanawake wa mtaa, ndoo mkono huu na ndoo mkono huu. Walimpisha mbele kwa kuwa amevaa tai, wakamcheka alipowapa mgongo. Yeye hakujali. Bwana mkubwa alikuwa ameshamnong'oneza kwamba kamisheni itafika kwake karibuni.

Ni katika siku hizo ndipo mama mkwe aliposhuka kwenye treni kutoka Kasai.

Jina lake Kapinga. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyojua kukaa. Kama desturi yao inavyotaka, yeye na mkwewe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakukaa penye mkeka mmoja. Akitaka jambo alimwambia Ngalula, Ngalula akamwambia mumewe, hata kama wote watatu walikuwa wanasikia. Alilala chumba cha nyuma karibu na jiko, na Symphorien alipotoka asubuhi alikohoa kwanza mlangoni ili mama apate nafasi ya kugeukia upande mwingine. Katika mambo yote ya kizamani aliyokuwa ameyaacha, hilo hakuwahi hata kufikiri kuliacha. Ndivyo mtu anavyomheshimu aliyemzalia mke.

Kapinga aliiona peluzi siku ileile ya kwanza, na aibu ikamshika. Kwao uwanja wa mwanamke hufagiwa mpaka udongo ung'ae. Nyasi mlangoni ni maficho ya nyoka na ni tangazo kwamba ndani mna mke mvivu. Hakumsema mwanawe. Aliwaza labda mtoto amezidiwa na kazi za mjini, hana wa kumsaidia. Basi asubuhi moja Symphorien akiwa ofisini na Ngalula sokoni, alichukua jembe.

Ngalula aliporudi, katikati ya peluzi palikuwa na upara mpana wa kutosha kutandika mikeka ya harusi, umefagiwa vizuri, alama za ufagio zimepangana kama nywele zilizochanwa. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba ananawa mikono.

Symphorien alirudi jioni. Alisimama kwenye ukingo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na upara ulikuwa bado pale. Kama ingekuwa mbuzi wa Mutale angempeleka kwa chifu wa mtaa; kama ingekuwa Ngalula angalau angepayuka kwa Kifaransa. Lakini mama mkwe? Mwisho alisema kwa Kiluba:

"Mwambie mama, asante."

Ngalula akaenda kusema. Akarudi na jibu: mama amefurahi, na sehemu iliyobaki ataimaliza kesho.

Ilibidi Ngalula akae na mama yake jikoni muda mrefu kumweleza kwamba kuna Wazungu watakaokuja kwa ajili ya nyasi zile. Kapinga aliuliza kama watakuja kuzila. Hapana, mama, kuziangalia tu. Bibi kizee alilifikiria neno hilo, akarudisha jembe mahali pake bila kuuliza tena.

Kazi ya kutengeneza ilianza. Kasonde alikuja kuutazama upara, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaona uso wa rafiki yake akanyamaza. Kupanda upya wakati wa kiangazi ni kujisumbua, alisema. Vikonyo vitakauka kabla ya kutoa mizizi. Dawa ni kukata nyasi pamoja na udongo wake, vipande vipande kama mkate, na kuvilaza hapa. Nyuma ya gereji ya daktari kulikuwa na nyasi zilizomwagiliwa mwaka mzima na ambazo hakuna aliyezitazama. Walivileta kwa baiskeli ndani ya magunia yaliyoloweshwa, safari baada ya safari. Symphorien aliulainisha udongo ambao mama mkwe alikuwa ameushindilia kwa ufagio, akamwaga maji, akavipanga vile vipande vikibanana, akajaza mchanga kwenye nyufa na kuvigandamiza kwa ubao.

"Usikanyake," Kasonde alimwonya. "Mizizi haiyashika bado. Muntu akikanyaka, itatoka yote."

Upara uliisha. Tatizo ni kwamba nyasi za daktari zilikuwa zimeshiba na za Symphorien zilikuwa na njaa, hivyo katikati ya uwanja wa njano kukawa na kiraka cha kijani kibichi kama kiraka cha kaki kwenye suruali nyeusi. Hapakuwa na wakati wa kufanya zaidi.

Kamisheni ilikuja Jumamosi mchana: administrateri, yaani mkuu wa serikali, mwenye soksi ndefu, Padre mmoja mzee, na Anaclet, Mkongo mwenye kadi tayari, aliyevaa glavu katika vumbi lile. Walipima kila kitu. Administrateri alifungua kabati, Padre alifungua choo, Anaclet alipitisha kidole cha glavu juu ya fremu ya mfalme. Ngalula aliulizwa anakula wapi, akajibu mezani. Na kweli siku hiyo alikuwa amekula mezani. Wakatoka nje.

Administrateri alisimama mbele ya peluzi na uso wake ukabadilika. Hata tofauti ya rangi haikumsumbua. Alisema amezunguka mitaa yote ya Waafrika na hajaona kitu kama hiki, kwamba anakumbuka nyumbani kwao, baba yake na mama yake na wajomba wote wamekaa kwenye nyasi Jumapili. Kisha administrateri akaagiza viti viletwe, wanywe kahawa palepale.

Viti vililetwa vikawekwa kwenye kiraka, maana ndipo palipokuwa pazuri. Administrateri alikuwa mtu mzito. Kila alipojigeuza, miguu ya kiti chake ilizama katika vipande vya daktari, na Symphorien akiwa na kikombe mkononi alisikia mizizi ikikatika kama inakatika ndani ya tumbo lake. Alitabasamu. Ngalula naye alikaa, akanywa, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita kiasi, hadi administrateri alipomwona mwanamke mzee kwenye mlango wa jiko.

Akauliza ni nani. Akaambiwa. Akasema basi aje na yeye, familia inywe pamoja. Kiti kimoja bado ki wazi, hapa mkabala na Symphorien.

Padre, aliyeishi Kasai miaka mingi na aliyejua vizuri kinachoombwa, alianza kuchunguza kahawa yake. Symphorien alijaribu kueleza. Administrateri alimsikiliza kwa upole, kisha akasema hayo ndiyo hasa mambo ambayo kadi inataka yaachwe nyuma, na si jambo kubwa, kikombe kimoja tu. Anaclet akainama sikioni mwa Symphorien.

"Umwite tu, atakala kwa kiti kidogo, itaisha. Hata miye nilikalaka na mama mukwe yangu vile."

"Na yeye alisema nini?"

Anaclet alivuta glavu yake. "Alirudia kwao. Hakurudi tena."

Symphorien alitazama kile kiti kitupu. Alijua kwamba akimwita, Kapinga atakuja. Atakuja kwa ajili ya mwanawe, atakaa pale macho chini mbele ya wageni, na itakuwa kama mkwewe amemvua nguo hadharani. Aliweka kikombe chini.

"Bwana administrateri," alisema, na kwa mara ya kwanza Kifaransa chake kilikuwa kifupi, "nitakunywa na ninyi, na mke wangu atakunywa. Na yule mama sitakaa naye. Si kwamba simheshimu. Nisingemheshimu, ningekuwa nimeshamwita."

Administrateri hakukasirika. Alimaliza kahawa yake, akainuka, na kiatu chake kikainuka na kipande kizima cha nyasi. Alikikung'uta getini na kusema ni masikitiko: uwanja umeshastaarabika, mwenyewe bado kidogo. Padre alimshika Symphorien mkono kwa muda mrefu, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Jumatatu bwana mkubwa alimwarifu kwamba maombi yameahirishwa. Jioni hiyo Ngalula alimsimulia mama yake yote, hata lile la kiti. Kapinga akauliza kitu kilichokuwa kinatafutwa ni nini.

"Ni kadi, mama. Ya kuonyesha kwamba yeye ni mtu."

"Kumbe walidhani ni nini?" aliuliza Kapinga.

Asubuhi iliyofuata Symphorien alivaa, akafunga tai, akakohoa mlangoni kama kawaida. Hakusikia nyayo za mtu akijitenga. Alichungulia dirishani. Kapinga alikuwa amechuchumaa kwenye peluzi, ndoo ya bombani kando yake, anarudisha vipande vilivyong'oka mahali pake kimoja kimoja, anavipigapiga kwa kiganja kama anavyofanya mtu akitengeneza tuta la karanga, na kuvimwagia maji kwa kikombe kilekile cha kahawa ya kamisheni. Hakuwa na haraka hata kidogo. Njia ya kutokea ilipita mbele ya uso wake.

Symphorien alirudi chumbani, akaketi kitandani, akasubiri amalize. Siku hiyo alifika ofisini amechelewa, na alipoulizwa sababu hakuona haja ya kutunga uongo.