Mtani Hakasiriki

Asumpta hakuweza tena kuinuka kitini kama watu. Alishika ukingo wa meza, akateremsha goti la kulia sakafuni, la kushoto likafuata, akabaki hivyo kichwa chini, akisubiri moto wa kiunoni upungue. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na karibu nusu yake ilikuwa imeishia humu masjala, ameinamia mafaili juu ya kiti cha plastiki kisicho na egemeo.

Hivyo ndivyo mkuu mpya wa ofisi alivyomkuta asubuhi yake ya kwanza.

"Inuka, mama, inuka!" Bwana Lushinge alisema, uso umemchanua. Akawageukia wafanyakazi. "Kwetu Shinyanga mwanamke humsalimia mkubwa kwa magoti. Nilidhani huku Songea mmeshasahau. Wewe kabila gani, mama?"

"Mngoni, bosi. Lakini mimi..."

"Mtani wangu!" Akapiga makofi. "Msukuma na Mngoni! Basi nimefika nyumbani."

Tangu siku hiyo hakuna neno la Asumpta lililomfikia bila kugeuka mzaha. Alimpelekea maneno ya daktari: pingili za mgongo zimesagika, zinabana mshipa wa fahamu; akiendelea kukaa vile, mguu wa kushoto utakufa. Aliomba kimoja tu kati ya viti vipya vilivyopangwa ukumbini, bado vimevaa nailoni, vikingoja wageni.

"Babu zako walipigana na Wajerumani, wewe unashindwa na kiti?"

"Bosi, naumwa."

"Mngoni anataka kiti cha enzi! Ngoja nife, mtani, urithi changu."

Wenzake walicheka kwa sababu mkuu alicheka. Edna wa meza ya pili alicheka pia, halafu akatazama pembeni.

Asumpta alirudi nacho kicheko kile nyumbani kwake Ruhuwiko. Alipika nacho, akalala nacho kifudifudi. Akaanza kuutamani mgongo wa Lushinge. Kiti hakukitaka tena. Alitaka kuiona ile suti ikikunjika, azisikie pingili zikilia.

Wageni kutoka makao makuu walipofika, Lushinge alimwita ukumbini alete faili la viwanja.

"Sasa wasalimie wageni, mtani. Wamwone mwanamke aliyefundwa."

Asumpta alikuwa ameapa kusimama. Mgongo ukaamua vingine. Magoti yalimwishia mbele ya kiti cha mkuu, na wageni wakapiga makofi.

"Sikupigii magoti," alisema, kwa sauti ambayo ofisi ile haikuwahi kuisikia. "Sijawahi kukupigia hata siku moja. Ni mgongo. Na ninyi mnaonyeshwa ugonjwa, mnashangilia."

Lushinge akacheka. "Mnamsikia mtani wangu? Ulimi wembe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Basi niinue, mtani," Asumpta akasema.

Lushinge akamnyooshea mkono bila kuondoka kitini. Asumpta aliukamata kwa mikono miwili, akautundikia uzito wake wote, akavuta. Kiti cha mkuu, chenye magurudumu, kilikimbia nyuma. Mkuu alishuka mzimamzima, magoti yakagonga vigae, kitu kikalia kiunoni mwake, na yowe alilotoa halikuwa la mzaha.

Nyuso zao zilikuwa zimekaribiana. "Mtani hakasiriki," Asumpta alimnong'oneza.

Lushinge alitazama simu za wageni zilizoinuliwa kupiga picha. Jasho lilimtiririka. Akacheka. Asumpta alikitazama kicheko kikimtoka kama jino linalong'olewa bila ganzi, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile alijisikia ameshiba.

Wanaume wanne walimwinua mkuu. Wakamkung'uta suruali, wakamtafutia mto, wakamwita dereva ampeleke hospitali ya misheni sasa hivi.

"Mgongo si wa kuchezea, bosi," mmoja alisema.

Mgeni mmoja, akielekea kwenye chai, aliiruka miguu ya Asumpta. "Mama, utani umetosha. Amka." Edna alisita mlangoni, akaitwa kumimina chai, akaenda.

Ukumbi ulibaki na viti vyake. Asumpta aliivuta miguu. Wa kulia ulikuja. Kisha akakiona kiatu chake cha kushoto kule karibu na mlango, kimepigwa teke na wapitao, naye hakujua kilimtoka saa ngapi.