Mbuzi Asiyepinda Magoti

Watu waliochanga ili Mbuzi Mtoro afufuliwe walikuwa na mvi tayari, na Mama Pacha aliwapenda kwa hilo. Nesi, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu, hata hakimu mstaafu. Wote waliucheza mchezo ule wa kompyuta utotoni, mbuzi akiruka kuta huku mwenye shamba akimfukuza na fimbo. Aliyeutunga alikuwa baba mdogo wa Mama Pacha. Tangu apigwe na kiharusi, mzee huyo alikaa chumba cha nyuma, mkono wa kulia ukimsumbua, na kompyuta yake ya zamani ilishakufa siku nyingi. Mama Pacha alitaka kitu kimoja tu: baba mdogo aucheze tena mchezo wake angali hai. Akatangaza mtandaoni kwamba atauandika upya uchezeke kwenye simu, na watu wakatoa kuliko alivyothubutu kuomba.

Kaka yake, mchoraji, ndiye aliyeng'ang'ania watumie programu kubwa ya kutengenezea michezo, ile ya makampuni yenye majina. Mwache mtu na urembo wake. Nyasi zilipepea, manyoya ya mbuzi ukaweza kuyahesabu, na jua lilivyokuwa likizama humo ungetamani kuhamia. Wakawatumia wachangiaji toleo la majaribio. Majibu yalikuja na adabu nyingi mno.

"Ni mzuri sana," aliandika nesi, "ila huyu mbuzi simjui."

Mama Pacha akaipeleka simu chumba cha nyuma. Baba mdogo akakifuta kioo kwa shati, akakaa sawasawa. Mbuzi akatumbukia kwenye shimo la mbele ya ukuta. Akaanza upya, shimoni tena. Mwisho akatabasamu, lile tabasamu la kumtoa mgeni wasiwasi, akairudisha simu.

"Mkono umeshakwisha, mwanangu. Mmefanya kazi nzuri. Mimi basi tena."

Iliuma, wacha niseme ukweli. Lakini kuna kitu kilikuwa kimemkaa Mama Pacha machoni. "Hebu jaribu tena, Baba. Kwa ajili yangu."

Safari hii Mama Pacha hakumtazama mbuzi, alitazama kidole gumba cha mzee. Hakikutetemeka hata kidogo. Kilibonyeza mapema, na kila mara mapema ileile, mbuzi hajaufikia ukuta. Hapo akakumbuka. Mbuzi wa zamani alikuwa akipinda magoti kwanza, ndipo aruke. Kompyuta ile ilikuwa nzito, ilichelewa kuitikia kidole, baba mdogo akaificha aibu yake kwa goti, na watoto wote wakazoea kubonyeza kabla. Na nani aliyeliondoa goti? Mama Pacha huyohuyo, akijisifu kuwa amerekebisha kasoro.

"Mkono wako mzima, Baba," alisema. "Aliyeharibu ni mimi."

Akalirudisha goti, lakini wapi. Ile programu kubwa ilizilemea simu za watu. Kwenye hii mbuzi alikawia kidogo, kwenye ile akasinzia kabisa. Ilitakiwa programu ndogo, ya picha bapa, inayokwenda mwendo mmoja hata kwenye simu ya bei ya chini. Yaani waanze upya, na nyasi zote za kaka ziende na maji. Kaka alinuna, akagoma kula, kisha akaja mwenyewe mlangoni.

"Mbuzi nitamchora upya," alisema. "Lakini nyasi uniachie hata tatu."

Kazi ikabaki kuwaambia wachangiaji. Mama Pacha aliandika roho mkononi: tumekosea, goti la mbuzi tuliliondoa sisi, na sehemu ya michango yenu imekwenda kwenye urembo, tunaomba mtuvumilie. Akakaa kusubiri matusi, maana mtandaoni matusi hayana uvivu.

Nesi ndiye aliyetangulia. "Nilidhani ni vidole vyangu vimezeeka. Nilishaanza kuogopa. Ahsante kwa kuniambia, chukua muda wako." Dereva akasema atasubiri, kazi yake nusu ni kusubiri. Hakimu akaandika kwamba ombi limekubaliwa. Mama Pacha alilia palepale mbele ya jiko, pacha wake wakadhani ameungua na mafuta, wakamletea maji. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusamehewa na watu wengi kiasi kile kwa mpigo, na wala hakujua awashukuru vipi.

Mchezo ulipokamilika, baba mdogo ndiye aliyepewa kwanza. Kidole kikabonyeza mapema. Mbuzi akapinda magoti, akapaa, akatua ng'ambo ya ukuta. Akaruka wa pili na wa tatu. Penye wa nne akasimama tu.

"Ruka, Baba," kaka alimhimiza. "Mwenye shamba huyo anakuja."

"Mwache aje."

Alikuwa ameisogeza simu karibu na uso. Kaka alikuwa amechora jina la mchangiaji kwenye kila ukuta, na mzee alikuwa akilisoma la nesi, midomo ikimcheza.

"Huyu bado sijamshukuru," alisema, na fimbo ikamshukia mbuzi.