Mshipi wa Mwisho Dukani

Mtaa mzima ulijua kwamba mpima macho hasemi uongo. Ukienda kwake na macho mazima, ukitaka miwani ya kupendezesha uso tu, anakusomesha zile herufi za ukutani mpaka za chini kabisa, anazima taa yake, halafu anakwambia, "Macho yako hayana tatizo. Nenda nyumbani." Biashara gani hiyo, watu walikuwa wakijiuliza. Binti yake, aliyekaa mbele kwenye kaunta akiuza fremu, alikuwa akijiuliza vilevile, tena kwa sauti.

Basi mtu huyohuyo, na mvi zake na koti lake jeupe, alikuwa na miezi mitano akimzungusha mwanamke wa watu kuhusu mshipi wa kuvulia samaki.

Yalianza kwa zawadi. Mteja wake wa zamani, akihama mji, alimwachia fimbo ya kuvulia, ile ya kushikwa kwa mikono miwili. Ilikuwa ya vipande vinne, na ukiviunganisha inakuwa ndefu kiasi kwamba huwezi kuisimamisha ndani ya duka la miwani bila kutoboa dari. Mpima macho alikuwa hajavua hata dagaa maishani mwake. Akaitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaenda nayo duka la vifaa vya uvuvi, mtaa wa pili, kwa nia njema kabisa ya kuiuza.

Nyuma ya kaunta alikuwapo mwenye duka, mwanamke wa makamo, aliyefiwa na mume miaka kadhaa kama yeye alivyofiwa na mke. Mikono ya shati ameikunja, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, anafungua fundo kwa meno. Akalitema lile fundo, akasema, "Karibu, nikusaidie nini?"

Mpima macho akafungua kinywa kusema kwamba anauza fimbo. Kilichotoka ni, "Natafuta mshipi wa hii."

Mwenye duka akaviunganisha vipande vile mlangoni, ncha ya fimbo ikatokeza barabarani. Akaitikisa taratibu, akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga pale juu ya mshikio, akaitazama. Kisha akamtazama mwenye fimbo, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyoitazama fimbo.

"Kwenye uvuvi huu," akasema, "chambo ni manyoya tu yaliyofungwa kwenye ndoana. Hakina uzito. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana mnene namna hii. Ukiwa mwepesi mno, fimbo haipindi, unarusha hewa. Ukiwa mzito mno, fimbo inalemewa na wewe unalemewa. Kila fimbo ina mshipi wake. Umenielewa?"

Mpima macho akasema ameelewa. Hakuwa amesikia neno.

Mwenye duka akaenda kwenye rafu, akasimama mbele ya maboksi akiwa ameshika kiuno, akachukua moja, akalirudisha, akachukua jingine. "Jaribu huu," akasema. "Usipokufaa, urudi."

Hilo neno urudi ndilo lililommaliza.

Sasa, mtu mwongo wa kawaida angekaa nyumbani kwake Jumapili, akala, akalala, na Jumatatu akaenda kusema mshipi haufai. Yeye hakuweza. Kama alikuwa anakwenda kulalamika, lazima lalamiko liwe la kweli. Kwa hiyo alijikokota hadi mtoni, nje ya mji, akasimama majini mpaka magotini, akarusha. Mshipi ulianguka miguuni pake wote kwa pamoja, kama tambi zilizomwagwa kwenye sinki. Mpima macho alifurahi kupita kiasi. Ulikuwa mwepesi mno, kweli kabisa, na Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwenye duka kabla hajafungua.

"Mwepesi," akasema.

"Pole," akasema mwenye duka, akamtolea mwingine.

Huo mwingine ulikuwa mzito, ukamtegua bega. Uliofuata ulizama kabla hajavuta pumzi. Mwingine kichwa chake, yaani ile sehemu nene ya mbele, kilikuwa kirefu mno, kikanasa kwenye vichaka nyuma yake, na mpima macho akatumia mchana mzima kuvua majani. Kila Jumapili alipata kasoro mpya, na kila Jumatatu aliipeleka kwa furaha ya mtoto aliyepata namba nzuri shuleni. Wakati mwingine mwenye duka alimtoa uani, wakasimama kati ya makreti matupu, akafunga kipande cha sufi badala ya ndoana ili wasije wakamtoboa mtu, akamwonyesha. "Mkono wa juu unaongoza tu. Wa chini ndio unaofanya kazi." Siku moja aliushika ule mkono wa chini kwa mkono wake ili auelekeze. Mpima macho aliporudi kazini alimpima mteja jicho la kushoto mara mbili, na la kulia hakuligusa kabisa.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mtu mwingine yeyote angelishangaa. Ukutani, juu kabisa ya kichwa cha mwenye duka, kulikuwa na ubao wenye maandishi mekundu: KILICHOUZWA HAKIRUDISHWI. Jumatatu moja mpima macho alimkuta jamaa amekuja na pakiti ya ndoana ambayo hata haijafunguliwa, anabembeleza abadilishiwe. Mwenye duka hakumtazama. "Soma ukuta," akamwambia. Jamaa akasoma ukuta, akaondoka na ndoana zake. Halafu mwenye duka akamgeukia mpima macho, akapokea mshipi uliolowa na wenye matope, akauliza kwa upole, "Enhe, na huu una nini?"

Mpima macho, ambaye kazi yake ni kusomesha watu ukuta, aliusoma ule ubao vizuri sana na akahitimisha kwamba mwanamke huyu ana roho nzuri. Basi. Hapo ndipo akili yake ilipofikia.

Binti yake alikuwa na akili zaidi. "Baba," alisema jioni moja wakifunga duka, "mshipi gani huo usiopatikana?"

"Uvuvi una mambo yake, mama."

"Umeshavua samaki wangapi?"

"Si suala la samaki."

"Hata mimi nilijua si suala la samaki." Akashusha pazia la dirisha. "Unamwitaje?"

"Nani?"

"Baba."

"Namwita dada," akasema mpima macho. "Ni kwa heshima."

"Miezi mitano unamwita dada, halafu unashangaa mambo hayaendi."

Mpima macho akageuza ufunguo mlangoni. Alikuwa anaogopa, na ninasema wazi kwamba alikuwa anaogopa, maana mwanamume wa umri ule akiogopa hupenda kuita woga huo heshima. Akisema, na yule mama akakataa, hata zile Jumatatu zingekwisha. Bila zile Jumatatu, wiki nzima ingebaki herufi ukutani na chakula cha jioni mbele ya redio.

Ndipo ikaja Jumatatu ambayo mwenye duka hakwenda kwenye rafu. Alitoa boksi moja chini ya kaunta, akaliweka katikati yao.

"Sikiliza, daktari," akasema. Hakuwa anatabasamu. "Rafu imekwisha. Huu ndio wa mwisho. Ukikufaa, basi tumemaliza kazi. Usipokufaa, kuna duka jingine upande wa pili wa mji, wana mishipi mingi kuliko mimi. Nitakuelekeza."

"Upande wa pili wa mji," akarudia mpima macho.

"Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye ndevu. Mtaelewana."

Jumapili ile alikwenda mtoni kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Njia nzima alihesabu hasara zake: mshipi ukifaa, hana sababu ya kurudi, usipofaa, anapelekwa kwa mzee wa ndevu. Afanyeje? Akaamua ni heri usifae. Usipofaa, huenda akahurumiwa. Akasimama majini, akaomba upate kasoro hata ndogo, akarusha.

Mshipi ulitoka. Ulikunjuka juu ya maji polepole, ukanyooka mpaka mwisho, ukatua bila hata kuyaamsha maji. Fimbo ilipinda sawasawa na kurudi sawasawa. Bega halikuuma. Akarusha tena kwa kuzembea, ukanyooka. Akabadilisha mikono, akarusha vibaya kwa makusudi, akarusha akiwa amefumba macho, na kila mara mshipi ule ulikwenda pale alipoutaka, hata pale asipoutaka. Mwisho wa yote, ili kumtia uchungu zaidi, samaki akashika.

Alikuwa samaki wake wa kwanza, mkubwa, mzuri, anang'aa. Mpima macho alimtoa ndoana akamshika usawa wa uso. "Wiki zote hizi ulikuwa wapi?" akamwuliza. "Leo ndiyo umeona uje." Akamrudisha majini, akakaa juu ya jiwe, na kwa kweli machozi yalimlengalenga.

Jumatatu aliingia dukani na fimbo yake mkononi. Njiani alikuwa ametunga uongo mzuri: kichwa cha mshipi kifupi mno, unachapa maji. Mwenye duka alikuwa anapanga maboksi akiwa amempa mgongo. Hakugeuka.

"Enhe," akasema. "Na huu una nini?"

Mpima macho akafungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari. Akaiona ile shingo na ile mikono iliyosimama katikati ya kazi ikimsubiri, na uongo ukagoma kutoka.

"Unafaa," akasema.

Mwenye duka akageuka. "Unafaa?"

"Hauna kasoro. Nimeitafuta kwa kila njia."

"Basi kazi imekwisha," akasema yule mama taratibu. "Umefuata ndoana?"

"Hapana."

"Manyoya?"

"Hapana. Nimekufuata wewe." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini akaisukuma. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuja kuuza fimbo, nikakuona, nikanunua mshipi. Mimi hata samaki sipendi kumla."

Mwenye duka akakaa juu ya kiti chake kirefu, akajipangusa mikono kwenye sketi, akajipangusa tena. Kisha akanyoosha mkono. "Lete fimbo."

Akaigeuza kwenye mwanga, akamwonyesha kidole pale juu ya mshikio. "Soma hapo."

Mpima macho akainama, akasogeza miwani. Kulikuwa na maandishi madogo, mistari mitatu. Wa kwanza jina la mtengenezaji. Wa pili urefu. Wa tatu ulisema: mshipi namba nane.

Akalichukua lile boksi la mwisho. Namba nane. Akakumbuka maboksi yaliyotangulia: sita, kumi, saba, tisa, sita tena. Yeye alidhani ni namba za rafu.

"Haya maandishi," akasema, "yalikuwa hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Na wewe uliyasoma?"

"Hata kiti sijakukaribisha, nilikuwa nimeshayasoma. Mshipi wako nikauficha chini ya kaunta siku ileile."

Mpima macho akainua macho ukutani, kwenye ule ubao mwekundu. "Na hiyo?"

"Hiyo ni ya wateja," akasema mwenye duka.

Ilimchukua muda kulimeza hilo. "Sasa mbona juzi umenipa?"

"Nilichoka. Nikasema, acha nimpe unaomfaa, nione kama atarudi bila sababu. Asiporudi, basi alikuwa anapenda mishipi." Akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Jana sikulala vizuri, nikuambie ukweli. Na hilo neno dada, likome."

"Limekoma," akasema mpima macho haraka.

Walikuwa watu wazima wawili wasiojua mikono yao waiweke wapi. Kisha mwenye duka akavua ile kamba shingoni, akaiweka miwani yake juu ya kaunta. "Na hii siku hizi inanisumbua," akasema. "Naona inalegea."

Mpima macho akaichukua, maana mikono yake ilijua kazi hata kama kichwa kilikuwa kwingine. Akajaribu vipini, vimekaza. Akajaribu skrubu, zimekaza. Akaiinua kwenye mwanga, haina hata mkwaruzo. "Haina tat..." akaanza, kama alivyoanza kwa watu wengi maisha yake yote, halafu akamtazama mwenye miwani, akafunga mdomo.

"Ina tatizo," akasema.

"Kubwa?"

"Kubwa. Itabidi uje dukani kwangu niitazame vizuri." Akamrudishia, bila kupepesa macho. "Na usitegemee itapona siku moja."