Benchi la Nyuma

Katika kanisa dogo lililo juu ya soko la Giakanja, kila mtu aliijua sheria: kijana akikutwa na kileo au dawa za kulevya, mkubwa aliyemlea ataketi benchi la nyuma miezi sita, bila kuikaribia Meza ya Bwana. Mzee Muriithi ndiye aliyeiandika, alipokuwa bado mwalimu mkuu, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemwona akiilegeza.

Kwa hiyo Wachuka, muuguzi mstaafu, alipomwomba nafasi ya kuweka meza ya huduma ya kwanza kwenye sherehe ya vijana ya kufunga shule, mzee alichoka kabla hajamsikiliza hadi mwisho. Wachuka alitaka maji, mahali pa kupumzika, na ahadi moja: atakayemleta mwenzake mgonjwa asiulizwe jina la mzazi. Muriithi alikataa, akamjibu kwamba huko ni kuwakaribisha walewe. Wachuka akasema hawangoji kukaribishwa; tembe zinauzwa mjini kama peremende. Hakubishana zaidi. Hata yeye alikuwa amechoka.

Jumamosi ile ya Aprili, saa tisa alasiri, muziki ukitikisa mabati ya ukumbi, Muriithi alienda stoo kuchukua viti. Alimkuta Gicheru, mwana wa Njoki muuza mboga, amelazwa chali juu ya magunia, midomo imegeuka rangi, shati limelowa maziwa. Wenzake watatu walikuwa wakijaribu kumnywesha. Mmoja wao alikuwa Wendy, mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu utotoni.

Wachuka, ambaye nyumba yake ilipakana na kanisa, aliitwa, akafika akiwa na ndara miguuni. Alimgeuza kijana ubavu, akampangusa kinywa, akasema kwa sauti ya chini kwamba maziwa hayapunguzi sumu yoyote. Yanaingia mapafuni tu. Kisha akauliza alianguka lini. Dakika arobaini, walisema. Dakika arobaini walikuwa wakitafuta maziwa, na muuguzi yuko ng'ambo ya ua.

"Amemeza nini?" aliuliza.

Wote walimtazama Muriithi.

"Wendy, sema," Muriithi alimwambia.

"Guka," Wendy alimwambia babu yake, "tukisema, mama yake anarudishwa nyuma. Ametoka huko Krismasi tu, kwa sababu ya kaka yake Muchiri. Na jina utalisoma wewe."

Muriithi alikumbuka alivyolisoma mbele ya waumini: Njoki akiinuka na kitambaa chake kichwani, akiburuta miguu hadi mwisho wa kanisa kwa kosa la mwanawe mkubwa. Gicheru alivuta pumzi, ikakawia kutoka. Muriithi aliona umri wake wote umemwelemea mabegani kwa mara moja.

"Njoki hatasomwa," alisema. "Benchi ni langu. Sema, mtoto wangu."

Wendy alitoa karatasi ya tembe kutoka ndani ya soksi. "Mbili, na pombe kali juu yake. Mimi nilimeza moja."

Wachuka alimwambia Wendy aje naye pia. Pikapu ya kubebea maziwa ndiyo iliyowachukua hadi hospitalini Nyeri. Njia nzima Muriithi alikishika kichwa cha Gicheru kimeelekea upande, kama alivyoagizwa, hata mkono wake ukafa ganzi. Daktari alisoma ile karatasi kwanza, kisha akajua la kufanya. Kabla jua halijatua Gicheru alikuwa akipumua vyema na kuulizia viatu vyake. Wendy alihitaji kulala tu.

Jumapili wazee wenzake walitaka kumsamehe. Walisema ameokoa maisha. Muriithi aliwaambia kwamba Wendy alimeza, naye ndiye aliyemlea. Akafungua daftari la kanisa, akaandika chini ya sheria yake kwamba atakayemleta mwenzake haulizwi neno, wala mzazi wa yeyote kati yao haguswi. Wakamwuliza kwa nini basi hilo lisimfae yeye. Akasema limeandikwa leo. Kosa ni la jana, na benchi la Njoki alikwisha kulichukua yeye. Kisha akatembea hadi nyuma.

Sherehe ya Agosti, meza ya Wachuka iliwekwa mlangoni. Waliletwa vijana wawili, wakiwa hai, wakishikwa na wenzao. Hakuna aliyefurahi sana. Sahani ya mkate ilimpita Muriithi kila ilipozunguka, naye hakunyoosha mkono.

Oktoba, miezi sita ilipotimia, Njoki alikwenda benchi la nyuma, akamshika kiwiko, wakaenda pamoja mbele, polepole. Muriithi akapokea mkate.