Ndoo Moja, Panya Wawili

Mtunza panya wa maabara ile aliitwa Kijiko, kwa kuwa chakula cha panya alikipima kwa kijiko, tena kisichojaa. Panya walikuwa ishirini, kila mmoja na kizimba chake chenye namba iliyokuwa ndiyo jina lake, gurudumu la kukimbilia na kifaa cha kuhesabu mizunguko. Kumi walinyimwa chakula, kumi maji. Wa njaa walikimbia kama waliochomwa mkuki. Wa kiu walichangamka siku ya kwanza, ya pili wakajikokota, ya tatu wakalala wamekodoa macho.

Bingwa alikuwa Saba, wa njaa: mizunguko elfu tisa kwa siku. Hesabu ya mwisho ilikuwa saa sita mchana wa siku hiyo ya tatu, na Daktari, mwenye utafiti huo, alikwisha kumwambia Kijiko mbele ya watu: "Saba akifa kabla ya hapo, kazi yote tunaianza upya, na wewe unakwenda kwenu." Kwenu kwenyewe ni kwa dada yake, kulala kitanda kimoja na wapwa watatu wenye mateke.

Saa tano na nusu akaanza kuosha vizimba. Sheria ilijulikana: wakati wa kuosha, wa njaa hukaa ndoo nyekundu, wa kiu ndoo ya buluu, mmoja mmoja. Siku hiyo ya buluu ilikuwa imepasuka.

"Dakika mbili tu, hata salamu hawatapeana," alijisemea, akamdumbukiza Kumi na Moja, wa kiu, katika ndoo nyekundu alimokuwa Saba.

Salamu zilitolewa. Saba alimrukia mwenzake kooni. Kumi na Moja hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alirusha miguu mara mbili, damu ikatapakaa ndooni, na Saba akaanza kumla kuanzia usoni. Kijiko alipochungulia, jicho moja halikuwepo. Akaingiza mkono mtupu. Saba akaacha nyama baridi, akadaka dole gumba.

"Yalaaa! Shemeji! Shemeji, nakufa!"

Mume wa dada yake, karani wa maabara, alikuja mbio, Daktari nyuma yake. Panya alining'inia kidoleni, meno yamezama hadi mfupani, akitafuna.

"Usimbane!" Daktari alipiga ukelele. "Utamvunja shingo! Bado dakika ishirini!"

"Na kidole changu je, Daktari?"

"Unavyo kumi!"

"Vumilia, shemeji," karani alisema, akimshika mkono asiutikise. "Fikiria dada yako."

"Dada yangu ndiye anayetafunwa?"

Kijiko alivumilia. Alihesabu hadi thelathini, jasho likimchuruzika, kisha akasikia mfupa ukisema *ka*. Hapo subira ikakatika. Akampiga shemeji yake kiwiko cha pua, akaubamiza mkono ukutani. Mara ya kwanza Saba alizidi kung'ata. Ya pili mgongo ulivunjika. Ya tatu ukuta ukapakwa utumbo, na Saba akadondoka na kipande cha dole mdomoni.

Daktari akamzaba kofi. Kijiko akamsukuma kwa mkono ule ule. Koti jeupe likapata ua jekundu kifuani, na mwenye koti akaangukia vizimba. Milango ikafunguka. Wa njaa wakatoka mbio, wakaifuata damu hadi kwenye suruali ya Kijiko. Wa kiu walibaki wamelala.

"Kimbia, mjinga wee!" karani alimwambia, pua imemfura. "Kitanda unakijua kilipo."

Kijiko alikimbia, panya wawili wakiwa bado wamening'inia kwenye suruali.