Hoja ya Mwisho ya Maatje

Maatje alikuwa amefura kwa hasira tangu asubuhi, na hasira yenyewe ilikuwa ya miaka ishirini. Leo alikuwa anatetea tasnifu yake ya udaktari wa fizikia mbele ya jopo la maprofesa mjini Delft, Uholanzi. Baba yake, Krijn, mzee wa kanisa kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Zeeland, alikaa benchi la mbele na suti yake nyeusi ya Jumapili, amempakata mjukuu ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua. Mama wa mtoto, Pieternel, mdogo wake Maatje, alisimama kando ya dada yake kama msindikizaji. Kwa mila ya kale msindikizaji ana haki ya kumjibia mtetezi. Hakuna aliyekumbuka haki hiyo ilitumika lini. Siku hizi kazi yao ni kupendeza tu.

Kule kijijini surua ilikuwa imeingia. Mzee Krijn alishatamka: mtoto hachanjwi, maana unywele hauanguki bila Mungu kupenda, na kuchanja ni kumfundisha Mungu kazi. Maneno hayohayo aliyasema miaka ishirini iliyopita, surua ilipomuua Leendert, mdogo wao wa kiume. Pieternel alikuwa anaishi nyumbani kwa baba, na hakuwahi kumbishia hata juu ya chumvi ya viazi.

Kila tasnifu ya pale huambatana na hoja chache za mwandishi, hata zisizohusu utafiti wake, na yeyote kwenye jopo anaweza kudaka mojawapo. Maatje alikuwa amesota miaka akipima chembe za mwanga, akaonyesha kwamba hazibebi maagizo yoyote ya siri ya kuziambia ziende upande gani. Zinakwenda tu. Hoja yake ya mwisho ilisema: anayedai Mungu alipanga kifo cha mtoto asiyechanjwa, anamsingizia Mungu.

Profesa Oortman aliidaka hiyohiyo. Yeye kanisani hakanyagi. Mungu wake ni sheria za maumbile, na anaamini kila kitu kilishaamuliwa ulimwengu ulipoanza. Akauliza kwa upole unaoudhi. Kama yeye profesa ndiye mkweli, aliyekataa chanjo hakuwa na njia nyingine. Kama Maatje ndiye mkweli na ulimwengu ni bahati nasibu, vilevile hakuna wa kulaumiwa.

"Sasa wewe mwenzetu unamkasirikia nani?"

Mzee Krijn akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Maatje alimwona. Ama kweli! Mkana kanisa na mzee wa kanisa leo wamekuwa chanda na pete.

"Mheshimiwa mpinzani," alisema, kama mila inavyotaka mwulizaji aitwe, "chembe ya mwanga haina mlango. Nyumba yetu ilikuwa nao. Nesi alibisha hodi, na mtu akainuka akatia komeo. Watu husema ajali haina kinga. Surua inayo. Ilikuwa kwenye mkoba wa yule nesi."

"Hujanijibu," alisema profesa.

Na kweli hakuwa amejibu. Maatje alitafuta neno jingine, akakuta hasira tupu.

Hapo Pieternel akasogea mbele. "Nitamjibia mimi."

Jopo likatazamana. Mwenyekiti alifungua kinywa, akaikumbuka mila, akakifunga.

"Fizikia siijui," alisema Pieternel. "Kama ilipangwa au haikupangwa, mtajuana wenyewe. Mimi Jumatatu asubuhi nampeleka mwanangu kliniki. Baba, umenisikia."

Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema lolote. Mzee Krijn akasema.

"Basi na hilo Mungu amelipanga."

Damu ilimpanda Maatje kichwani. Hata hili baba anataka kulimeza, aligeuze lake! Alikuwa anavuta pumzi ya kumpasha mbele ya watu wote, ila Pieternel alishashuka ngazi za jukwaa na kunyoosha mikono.

"Sawa, Baba. Nipe mtoto."

Mikono ya mzee haikufunguka. Pieternel akaifungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja.