Kijichumba cha Uji

Katika kituo kimoja cha afya njia ya Ihumwa, jina tuliache lilale, Nesi Aneth alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mtamu, na vyote viwili vilitoka kwenye sufuria. Kila asubuhi yeye na wenzake wa wodi ya wazazi walipika uji wa uwele, wakautia karanga, kwenye kijichumba nyuma ya stoo ya dawa. Wanakunywa, wanawasengenya wakubwa, wanacheka, kisha wanarudi kwa wenye uchungu wakiwa watu.

Ndipo wakaja wataalamu wa msongo wa mawazo, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Wakasema watumishi wanahitaji ushauri wa lishe, na ushauri unahitaji chumba. Mganga mfawidhi, Sostenes, akakumbuka kijichumba.

"Daktari, na jiko letu?" Aneth akauliza.

"Jiko litatuunguza, sista. Sasa mnaletewa lishe yenyewe."

Lishe yenyewe ilikuwa picha ya parachichi, ikabandikwa ukutani.

Tangu hapo Aneth akawa anafunga na Kwaresima haijafika. Jua linapinda, tumboni mna chai ya rangi tu. Mkono ukawa mzito, ulimi ukachacha. Asubuhi moja binti wa Kigogo, uzazi wa kwanza, alipozidi kulia, Aneth akamfokea: "Wakati unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Neno hilo miaka yote aliwakataza wenzake. Mama mkwe wa binti akatoka mbio kushtaki.

Saa hiyohiyo Aneth akapelekwa kijichumbani kushauriwa. Mtaalamu alikuwa anamimina chai yake ya maziwa kutoka kwenye chupa, tangawizi inanukia mpaka nje.

"Asubuhi huwa unakunywa nini, dada?"

"Kilichokuwa kinachemka hapo ulipoweka kiti."

"Unaona? Hasira hizo ndizo dalili. Jaribu uji wa nafaka, wenye karanga. Unatuliza sana."

Aneth akacheka, kicheko kikavu kama ganda la ubuyu. Mtaalamu akasogeza kiti nyuma.

Akarudi wodini. Yule binti bado alikuwa na uchungu. Aliposikia viatu vya Aneth akajisokomeza khanga mdomoni, akaiuma, machozi yakimtiririka, asitoe hata sauti.

Aneth akasimama kando ya kitanda. Alitaka kusema, pole mwanangu, lia tu. Akalitafuta neno hilo tumboni hadi kooni.

"Geuka," ndilo lililotoka.